Njia ya Mzunguko Ndani ya Moyo: Kuelewa Kizuizi cha Tawi la Kulia

Mama wa miaka 46, mchuuzi wa dagaa katika soko la Buhongwa, anaandaliwa kufanyiwa upasuaji wa rovu. Kabla ya siku ya dawa ya usingizi anapimwa ECG, nayo mashine inachapa, juu ya mistari inayopanda na kushuka, maneno machache ya Kiingereza ambayo kwa kifupi huandikwa RBBB. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, anamfafanulia kwamba kuna mahali moyoni pamezuiwa. Jioni ile daladala inapomshusha Buhongwa, habari imekwisha kubadilika sura. Kwa binti yake ni "mshipa wa moyo umeziba". Kwa kaka yake aliyeko Misungwi ni sababu ya kuuza ng'ombe wawili ili dada apelekwe Dar es Salaam. Jirani naye amekwisha kusaga kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, mchanganyiko unaosifiwa kuzibua mishipa. Upasuaji unaahirishwa kwa hofu, na rovu, ambalo ndilo lililokuwa likimbana pumzi alalapo, linabaki pale pale shingoni.

Kisa hiki ni cha mfano na hakina jina la mtu, lakini wahudumu wengi wa afya watakitambua. Chanzo cha mkanganyiko wake ni neno kabla ya kuwa moyo. Katika Kiswahili, mshipa ni mrija unaopeleka damu mwilini na ule unaoirudisha. Ni uzi wa fahamu. Ni ukano unaosimama mguuni mtu anapoganzwa. Na kwa wazee wengi ni ngiri. Neno linalobeba mizigo yote hiyo haliwezi kumweleza mgonjwa kwa usahihi kilichoonekana moyoni mwake. Anayeambiwa kwamba mshipa wa moyo umeziba huona akilini mafuta yaliyoganda ndani ya mrija wa damu, na nyuma ya picha hiyo huona kifo cha ghafla. Ugonjwa huo upo, na ni hatari, lakini ni mwingine. Katika kizuizi cha tawi la kulia hakuna kilichoganda, wala hakuna cha kuzibuliwa kwa ndimu au kwa kidonge. Kilichokatika ni njia ya umeme.

Moyo hujizalishia umeme wake wenyewe. Juu ya chumba cha juu cha kulia kuna kifundo kidogo cha chembe hai ambacho, mtu akiwa ametulia, huanzisha mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack, walikieleza mwaka 1907. Umeme huo husambaa katika vyumba vya juu, kisha hufika kwenye kifundo cha pili kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, na hapo husubirishwa kidogo ili damu ipate nafasi ya kushuka. Kutoka hapo huteremka kwa fungu moja la nyuzi linaloitwa fungu la His, kwa heshima ya Wilhelm His aliyelieleza mwaka 1893. Fungu hilo hugawanyika matawi mawili, la kushoto na la kulia, kila moja likienda kuamsha chumba chake cha chini. Aliyeunganisha kifundo hicho cha pili, fungu na matawi yake kuwa mfumo mmoja alikuwa Sunao Tawara, daktari Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Marburg, Ujerumani, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1906. Alifuata nyuzi hizo kwa darubini, kipande kwa kipande, kutoka shina hadi vitawi vya mwisho.

Matawi haya mawili hayafanani. La kushoto ni pana na hugawanyika mapema kuwa vitawi kadhaa, hivyo si rahisi lote likatike kwa mara moja. La kulia ni jembamba na refu; husafiri mbali bila kugawanyika, na sehemu kubwa ya safari yake liko chini tu ya utando wa ndani wa moyo, kama waya uliofukiwa kina kifupi ardhini. Chumba kikitanuka, linavutika. Mrija wa vipimo ukiingizwa upande wa kulia wa moyo na kuligusa, linaweza kuacha kupitisha umeme kwa saa kadhaa. Ndiyo maana tawi hili husimama kazi hata kwa sababu ndogo, na ndiyo maana kusimama kwake peke yake hakumwelezi tabibu mambo mengi.

Anayeijua Mwanza anaweza kuyaelewa yanayofuata kwa mfano wa barabara. Kutoka katikati ya jiji, barabara moja huelekea kusini kupitia Mkuyuni, Nyegezi na Mkolani hadi Buhongwa, ikiendelea Shinyanga. Nyingine huelekea mashariki hadi Igoma, ikiendelea Musoma. Siku maji ya mvua yanapoifunga barabara pale Mkuyuni, Buhongwa haikatwi na dunia. Gari hutoka kwa njia ya Igoma, kisha likakata kwa barabara ya nyuma ya milima na kutokea Buhongwa. Litafika. Litachelewa tu.

Hivyo ndivyo moyo unavyofanya. Tawi la kulia likizuiwa, umeme huteremka kwa tawi la kushoto, huamsha chumba cha chini cha kushoto kwa wakati wake wa kawaida, kisha huvuka ukuta wa katikati ukipita kwenye misuli yenyewe, njia isiyo na lami, hadi chumba cha kulia. Ucheleweshaji wote ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Chumba cha kushoto, ambacho ndicho kinachosukuma damu kwenda ubongoni, figoni na miguuni, hakijapungukiwa na kitu. Kwa sababu hiyo kizuizi hiki chenyewe hakimpi mtu maumivu, hakimchoshi, wala hakimpandishi pumzi. Mwenye kizuizi hiki akichoka isivyo kawaida, sababu ya uchovu itafutwe kwingine.

Kwenye karatasi ya ECG, safari hiyo ya mzunguko huacha alama inayosomeka kwa urahisi. Karatasi ikienda kwa mwendo wa kawaida wa milimita 25 kwa sekunde, kijumba kimoja kidogo ni milisekunde 40. Wimbi kubwa la vyumba vya chini likichukua vijumba vitatu vidogo au zaidi, yaani milisekunde 120 na kuendelea, kuna tawi linalochelewa. Kwenye kituo V1, kifuani upande wa kulia, wimbi huonekana kama herufi M, kilele cha pili kikiwa kirefu zaidi. Wanafunzi wa tiba hukiita masikio ya sungura. Kwenye kituo I na V6, upande wa kushoto, wimbi huishia kwa bonde pana la taratibu. Wimbi T kupinduka kichwa chini kwenye V1 hadi V3 ni jambo la kutarajiwa na lisimtishe msomaji wa karatasi. Likipinduka pia kwenye V5 na V6, hapo kuna swali jingine. Umbo hilo hilo likiwa na upana wa milisekunde 110 hadi 119 huitwa kizuizi kisicho kamili.

Kuna kosa moja linalozaa wagonjwa wasio wagonjwa. Vituo V1 na V2 hupaswa kubandikwa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. Mara nyingi hubandikwa juu mno, kwenye nafasi ya pili au ya tatu, hasa kwa mgonjwa mwenye matiti makubwa au chumba cha vipimo kinapokuwa na haraka. Hapo mtu mzima wa afya anaweza kuonyesha umbo la M ambalo moyo wake hauna. Dawa ya kosa hili ni kidole. Kipapase nundu iliyo sehemu ya juu ya kidari, ambapo ubavu wa pili umeungana nacho. Nafasi iliyo chini ya ubavu huo ndiyo ya pili, na kutoka hapo zihesabiwe hadi ya nne. Karatasi ya kijana mzima isiyo kamili namna hiyo irudiwe kwanza, kabla ya neno lolote kutamkwa mbele ya mama yake.

Historia yenyewe ya kipimo hiki inafundisha unyenyekevu. Mwaka 1909 na 1910, Hans Eppinger na Julius Rothberger wa Vienna walikata matawi ya mioyo ya mbwa na kurekodi mabadiliko ya umeme. Madaktari wakachukua michoro ile ya mbwa na kuilinganisha na ya binadamu, pasipo kuzingatia kwamba moyo wa mbwa umekaa kifuani kwa namna tofauti na wa mtu. Matokeo yake ni kwamba kwa takriban miaka 20 kizuizi cha kulia kiliitwa cha kushoto, na cha kushoto kikaitwa cha kulia, katika vitabu na katika hospitali za Ulaya na Marekani. Mwaka 1930 madaktari wa Michigan walipata nafasi ya kuchochea moja kwa moja moyo wa mgonjwa uliokuwa wazi, na hapo kosa likaonekana; Frank Wilson na wenzake wakalisahihisha kabisa katika miaka iliyofuata. Ikiwa mabingwa wa zama zile walichanganya kulia na kushoto kwa miaka 20, muuguzi aliyesema "pamezuiwa" hastahili lawama kubwa.

Je, kizuizi hiki ni kitu cha kawaida? Huko Göteborg, Sweden, wanaume waliozaliwa mwaka 1913 walifuatiliwa kwa miongo kadhaa: wakiwa na miaka 50, takriban mmoja katika 100 alikuwa na kizuizi cha tawi mojawapo, walipofika miaka 80, walikuwa 17 katika 100. Nyuzi za umeme huchakaa kama nywele zinavyoingia mvi. Utafiti mwingine mkubwa wa Copenhagen, Denmark, uliohusisha zaidi ya watu 18,000, ulikuta kizuizi kamili cha kulia kwa asilimia 1.4 ya wanaume na asilimia 0.5 ya wanawake. Watafiti hao waliona pia kwamba wenye kizuizi kamili walipata matatizo ya moyo kwa kiasi fulani kuliko wenzao, ilhali wenye kisicho kamili hawakutofautiana na wengine. Maana yake kwa kliniki ni ya kadiri: mwenye kizuizi kamili asiambiwe kwamba hana chochote, ila apimwe shinikizo la damu na sukari, asikilizwe moyo na mapafu, na pale inapowezekana afanyiwe Eko mara moja. Vikiwa salama, aachwe aishi maisha yake. Kizuizi hiki peke yake hakimzuii mtu kulima, kubeba mimba, kuendesha bodaboda wala kufanyiwa upasuaji.

Takwimu hizo, hata hivyo, ni za Skandinavia. Watu wale hawakukulia kando ya Ziwa Victoria, na upande wa kulia wa moyo wa mtu wa Kanda ya Ziwa huweza kubebeshwa mizigo ambayo mzee wa Göteborg hakuwahi kuikuta.

Mzigo wa kwanza ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake husafirishwa hadi kwenye ini, ambako huacha makovu miaka nenda rudi. Makovu yakizidi, damu hushindwa kupenya ini, nayo hufungua njia za pembeni. Kwa njia hizo mayai huweza kufika hata mapafuni. Huko mishipa midogo huvimba, hukaza na kuwa myembamba. Chumba cha chini cha kulia, kilichoumbwa kusukuma damu kwa shinikizo dogo tu, hulazimika kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa nusu. Kwanza hunenepa, kisha hutanuka, na tawi la umeme lililo chini ya utando wake huvutika pamoja nacho. Hali hii huwapata wachache kati ya wote wenye kichocho, na mtu kuwa na kichocho pamoja na kizuizi cha tawi la kulia si uthibitisho kwamba kimoja kimezaa kingine. Lakini mvuvi wa miaka 35 mwenye bandama kubwa, historia ya kutapika damu, pumzi inayokata akipandisha mlima na karatasi yenye M kwenye V1, huyo hapaswi kurudishwa nyumbani kwa maneno ya faraja. Anahitaji Eko ya kupima shinikizo la mapafuni.

Prazikwanteli huua minyoo, haifuti makovu. Kwa hiyo thamani yake kubwa iko mapema, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa hiyo igawiwe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, si kwa watoto wa shule pekee. Mama anayeanua dagaa mwaloni, kijana anayevuta kokoro na mtoto asiyeanza shule wote huingia katika maji yale yale.

Mzigo wa pili ni kifua kikuu kilichopona. Mgonjwa amemaliza dawa, makohozi ni safi, kadi imefungwa, lakini pafu moja limebaki na makovu na mashimo. Miaka kumi baadaye moyo wa kulia unalipa deni hilo. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha huongeza juu yake. Wapo pia wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambao shinikizo hurudi nyuma kutoka upande wa kushoto hadi mapafuni. Na wapo wenye selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa inaufahamu kuliko sehemu nyingi za nchi. Upande wa pili wa ziwa, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Jack Davies alieleza mwaka 1948 ugonjwa unaougeuza utando wa ndani wa moyo kuwa kovu gumu, mara nyingi upande wa kulia, ukimwacha kijana na tumbo lililojaa maji na miguu isiyovimba kwa kiasi kile kile. Ugonjwa huo haujatoweka katika ukanda huu.

Mwingine ni wa kuzaliwa nao, na huu husahaulika. Tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo huweza kuishi na mtu miaka 30 bila kelele. Damu huvuja kutoka kushoto kwenda kulia, chumba cha kulia hutanuka polepole, na ECG huonyesha kizuizi cha kulia, mara nyingi kisicho kamili. Mwanamke hujulikana kwao kama mtu wa kuchoka haraka, au aliyekuwa akipata vichomi mara kwa mara utotoni. Mimba ya pili au ya tatu ndiyo humfikisha hospitali. Tabibu wa zahanati asiye na Eko anayo silaha moja: aisikilize sauti ya pili ya moyo upande wa kushoto wa kidari, juu. Kwa mtu wa kawaida sauti hiyo hugawanyika mara mbili anapovuta pumzi na huungana anapoitoa. Ikibaki imegawanyika, pumzi iingie au itoke, apelekwe rufaa. Tundu likigunduliwa kabla shinikizo la mapafuni halijapanda kupita kiasi, huzibwa, na mtu akarudi shambani. Hapa neno kuziba, kwa mara ya kwanza katika habari hii, linatumika mahali pake.

Watoto waliofanyiwa upasuaji wa kasoro za kuzaliwa, hasa wale wa midomo na kucha za bluu, mara nyingi hubaki na kizuizi cha tawi la kulia, kwa sababu tawi hilo hupita karibu na mahali pa kisu na sindano. Mzazi aliyerudi na mtoto kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na kuona herufi hizo kwenye ECG ya kliniki asidhani kwamba upasuaji umeharibika.

Wakati mwingine kinachohesabika ni upya wa kizuizi kuliko umbo lake. Mtu mwenye maumivu mazito ya kifua yanayoendelea, jasho na weupe, ambaye karatasi yake ya leo ina kizuizi kisichokuwapo kwenye ya mwaka jana, atibiwe kama mwenye shambulio la moyo hadi ithibitike vinginevyo. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, au mtu aliyelala kitandani kwa sababu ya mguu uliovunjika, akipandwa na pumzi ghafla huku moyo wake ukionyesha kizuizi kipya cha kulia, huenda damu iliyoganda imesafiri hadi mapafuni. Na kijana aliyemeza vidonge vingi vya amitriptilini kwa hasira, au mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imepanda, wimbi lake pana si la kuangaliwa kesho asubuhi. Lipo pia umbo linalofanana na kizuizi cha kulia bila kuwa hicho, lililoelezwa na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, mwaka 1992, ambalo homa huweza kulifichua na ambalo huenda na vifo vya ghafla usingizini katika baadhi ya familia. Ni nadra. Kijana aliyezimia akiwa na homa, na ambaye kaka au baba yake alikutwa amekufa kitandani, karatasi yake isomwe na bingwa.

Lakini penye hatari kubwa ya kuchanganya mambo ni kuzimia. Tawi la kulia likiwa limekufa, moyo unategemea la kushoto, na la kushoto lenyewe lina kitawi cha mbele na cha nyuma. Cha mbele nacho kikizuiwa, ECG huonyesha kizuizi cha kulia pamoja na mhimili wa moyo ulioelekea kushoto, na barabara zote za kushuka zimebaki moja. Wengi wenye hali hiyo hawapati dhara. Wasio na dalili, takriban mmoja au wawili katika 100 kwa mwaka ndio hufikia kukatikiwa kabisa. Yule anayezimia, hata hivyo, huenda tayari barabara ya mwisho inafungwa na kufunguka. Moyo husimama sekunde kumi, mtu anaanguka, kisha njia inafunguka na anaamka akijipangusa vumbi. Akiwa amesimama sokoni ataumia goti. Akiwa ndani ya mtumbwi usiku, karabai zikiwaka na wenzake wakivuta nyavu upande wa pili, hakuna atakayejua alianguka saa ngapi.

Watu hawa hupewa majina mengine. Hupelekwa kwa mganga kwa kuwa wamerogwa, au huandikiwa dawa za kifafa na kuzitumia miaka kadhaa bila nafuu. Tofauti inaweza kupatikana kwa maswali machache kwa aliyemwona akianguka. Mwenye moyo uliosimama huanguka bila onyo, huwa mweupe au wa kijivujivu midomoni, huweza kutikisika mara chache, kisha ndani ya dakika moja ameamka na akili zake timamu, huku uso ukirudiwa na joto. Wa kifafa mara nyingi hukakamaa, hutikisika kwa muda mrefu zaidi, huuma ulimi pembeni, na baada ya hapo hubaki amechanganyikiwa au hulala usingizi mzito. Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala bima: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa, dakika nzima bila kukata. Mzee aliyezimia na mapigo yake ni 34 haendi nyumbani.

Tiba yake ni betri ya moyo, kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, waya wake ukiingia hadi ndani ya moyo. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha namna hiyo mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwezi Oktoba 1958. Cha kwanza kilidumu saa chache tu, akabadilishiwa vingine vingi, na aliishi hadi mwaka 2001. Anayewekewa leo hulala hospitali kwa siku chache. Kwa mwenye kizuizi cha tawi la kulia pekee, asiyezimia, betri haina kazi, na hakuna dawa ya kumeza inayorudisha tawi lililokatika. Anayeuziwa dawa hiyo anaibiwa.

Turudi Buhongwa. Mama mchuuzi wa dagaa aliitwa tena kliniki na kuulizwa ambayo hakuwa ameulizwa mara ya kwanza. Hajawahi kuzimia. Hubeba ndoo ya dagaa kutoka kituo cha daladala hadi mezani kwake bila kupumzika, na kinachomkata pumzi ni kulala chali, rovu linapokandamiza koo. Hana uvimbe wa miguu, mishipa ya shingo haikujaa, bandama haipapasiki, sauti ya pili ya moyo hugawanyika na kuungana kwa pumzi kama inavyopasa. ECG ilirudiwa, V1 ikiwa mahali pake, na kizuizi kilikuwapo kweli, kamili. Eko ilionyesha chumba cha kulia cha kawaida na shinikizo la mapafuni la kawaida. Barua ya kwenda kwa daktari wa usingizi ikaandikwa mistari miwili. Aliyeiandika akaongeza, kwa Kiswahili na kwa mwandiko unaosomeka, sentensi ya kusomwa na familia: njia moja ya umeme wa moyo imekatika, umeme unapita njia nyingine, mishipa ya damu haijaziba, upasuaji uendelee.

Ng'ombe wa Misungwi hawakuuzwa. Mama aliombwa jambo moja tu, nalo ni kuitunza karatasi ya ECG pamoja na kadi zake za kliniki, ili siku atakapoumwa kifua au kuzimia, yeyote atakayempokea ajue kwamba kizuizi hiki ni cha zamani. Na kwa kuwa karatasi za mashine nyingi huchapwa kwa joto, na wino wake hufifia juani au ndani ya mfuko wa plastiki hadi ikabaki nyeupe, binti yake aliipiga picha kwa simu pale pale mlangoni, kabla ya kupanda daladala.